Damu haikatwi, inabanwa

Kuna makala nimesoma kuhusu mazoezi ya kukuza msuli kwa uzito mdogo huku umefunga mkanda juu ya paja, inadai eti siri yake ni kuzuia damu isifike kabisa kwenye msuli. Hapo napinga, maana kuna vijana watasoma hivyo wajikaze kwa tyubu ya baiskeli mpaka mguu ufe ganzi. Damu ya ateri inaendelea kuingia, ila imepungua. Inayokwama ni ile ya vena inayorudi moyoni. Nafanya kazi ya fiziotherapia, na waliopasuliwa goti tunawapima kwanza presha inayosimamisha mapigo mguuni, halafu mkanda wa upepo tunaujaza asilimia 40 hadi 80 tu ya hiyo. Uzito ni asilimia 20 hadi 30 ya ule mtu anaoweza kuunyanyua mara moja: marudio 30, kisha 15 mara tatu, katikati sekunde 30 za kupumzika. Kufikia seti ya tatu utamsikia anaguna, paja limetuna na linawaka moto. Oksijeni imepungua, taka za kazi zimerundikana, basi zile nyuzi kubwa za msuli ambazo kwa kawaida husubiri mzigo mzito zinaingia kazini mapema. Kwa unene, msuli hukua karibu sawa na wa anayebeba vyuma vizito, lakini kwa nguvu mbeba vyuma bado yuko mbele, na hilo makala imelipita kimya. Aliyewahi kuganda damu kwenye vena asiguse, na mwenye selimundu asijaribu bila daktari. Huko gym kwenu kuna anayepima presha, au kila mtu anakaza kwa kukisia?