Kazimoto Alikuwa na Mawazo

Nyumbani kwetu Mwanza hatukuwa na jina la ugonjwa wa kaka yangu. Tulikuwa na neno moja lililotosha kwa kila anayeuliza: ana mawazo. Halali usiku, ana mawazo. Kaacha kwenda kazini, ana mawazo. Mama aliwajibu hivyo majirani huku akichambua mchele, bila kuinua kichwa. Shangazi ndiye aliyethubutu kusema jingine, kwamba mtoto karogwa, na mzee mmoja wa kanisa akaja jioni kukemea. Neno sonona, jina la ugonjwa wa namna hiyo, nililikuta baadaye sana, kwenye bango la zahanati, na mpaka leo sijamsikia mtu akilitamka sebuleni.

Nalipenda neno "mawazo", kusema kweli. Lina adabu. Linamwacha mtu akiwa mtu, wakati "kichaa" linamtoa nje ya mlango. Lakini ni neno linalofunga mazungumzo: ukishasema fulani ana mawazo, hakuna anayeuliza ni mawazo gani. Mahali pekee nilipokuta swali hilo likiulizwa, tena kwa Kiswahili, ni kwenye riwaya. Na mahali nilipofundishwa kutolisikia ni darasani.

Nilisoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi nikiwa kidato cha tano, nakala iliyochakaa iliyokuwa ikizunguka bwenini. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajisimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Manase, rafiki yake aliyepata cheo, anampa mimba Rukia, mdogo wake Kazimoto, na Rukia anakufa. Mama yao naye anafuata. Kazimoto anapania kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, kisha anaishia kumwoa. Mwisho anajiua.

Tulipoijadili tuliandika kwenye madaftari yetu: mgongano wa mila na usasa, msomi kujitenga na jamii yake, udhanaishi, yaani falsafa inayouliza kama maisha yana maana yoyote. Neno hilo la mwisho lilikuwa na alama zake, ukiliweka kwenye insha mwalimu anafurahi. Nami nililiweka. Sikuona kwamba nilikuwa nimemsikiliza kijana mmoja, ukurasa baada ya ukurasa, akipoteza ladha ya kila kitu ambacho watu wa kwao wanaishi kwa ajili yake: imani, nyumba, watoto, hata ucheshi. Miaka kadhaa baadaye kaka alipokuwa akikaa kitandani na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, mimi naona yote ni sawa tu," nilijua nilishaisikia sauti ile. Ilikuwa sauti ya Kazimoto.

Siukatai udhanaishi. Kezilahabi aliuleta kwa makusudi na wahakiki hawakosei kuuona. Ninachokataa ni falsafa kugeuzwa pazia. Mtu anaweza kuwa mwanafalsafa na akawa mgonjwa, siku hiyo hiyo, kitandani hapo hapo. Tukimsoma kama hoja tupu, tunamzika mara ya pili.

Rosa naye tulimtendea hivyo. Rosa Mistika, riwaya nyingine ya Kezilahabi, ni ya mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa sababu ya mambo ya kitandani na utoaji mimba. Siku hizi inasomwa, na jibu la mtihani linajulikana: Rosa ameharibika kwa malezi mabaya ya Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Ni kweli. Lakini "malezi mabaya" ni sababu, na kati ya sababu na kifo chake kuna binti mzima mwenye moyo unaouma miaka na miaka. Huyo binti yuko kwenye kitabu. Yuko Namagondo, Ukerewe, kijiji ambako mwandishi mwenyewe alizaliwa. Mimi nilimpita mbio nikitafuta dhamira.

Na Mashetani, tamthilia ya Ebrahim Hussein, ya mwaka huo huo 1971? Juma na Kitaru wanacheza mchezo chini ya mbuyu, mmoja Shetani, mwingine Binadamu. Halafu Kitaru anaugua, ugonjwa usioonekana kwa macho, na wazazi wake wanahangaika. Kila mwanafunzi atakuambia shetani ni ukoloni mamboleo. Sawa. Lakini kijana yule analala wapi usiku? Nani anamshika mkono? Mwandishi angeweza kutumia mfano wowote kuusema ukoloni, na alichagua kijana aliyeugua akili, mbele ya wazazi wasiojua la kufanya. Nadhani uchaguzi huo haukuwa pambo.

Nikivipanga vitabu hivi pamoja naona jambo linalonisumbua zaidi ya jinsi tunavyovisoma. Kazimoto na Rosa wote wawili hawarudi. Fasihi yetu ina watu walioingia gizani; walioingia wakatoka, wakakaa chini wakasimulia kule kulivyo, nimewatafuta sana kwenye rafu zangu, sijawapata.

Sababu moja iko kwenye sheria. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinapingana na Katiba mwezi Januari 2025. Fikiria maana yake kwa mtu anayetaka kuandika. Usiku ule tulipompeleka kaka hospitali, tulikubaliana njiani, ndani ya bajaji, kwamba tutasema alikunywa dawa za shamba kwa bahati mbaya, akidhani ni maji. Baba ndiye aliyesema, mimi nikarudia kwa nesi. Tulidanganya kwa sababu tuliogopa polisi. Baada ya hapo uongo ule ukawa ndiyo historia ya familia, na kaka akatakiwa aishi ndani yake. Mtu atasimulia vipi yaliyompata ikiwa simulizi lenyewe ni ushahidi dhidi yake?

Sababu nyingine ni aibu, na hiyo haihitaji kifungu. Kwetu jina la hospitali ya Mirembe, iliyoko Dodoma, ambako wagonjwa wa akili wametibiwa na kurudi makwao kwa miaka mingi, limekuwa tusi la watoto wanaocheza mpira. Kenya jina la hospitali ya Mathari limepatwa na yayo hayo. Hospitali ya macho haitukanwi.

Kuna jambo lazima nilikiri. Kaka aliporudi nyumbani nilikitoa Kichwamaji kwenye kabati nikakificha chini ya godoro langu. Niliogopa asije akakisoma. Kwa miezi ile naamini nilifanya vizuri, kwa sababu mtu aliye ukingoni hahitaji kusimuliwa habari za korongo. Lakini nilikiacha chini ya godoro miaka minne. Hapo nilikosea. Kaka alikuwa amepona kiasi cha kurudi kazini, anatania, analea, na mimi bado nilikuwa namchagulia vya kusoma kana kwamba ni mtoto.

Kitabu nilichompa hatimaye hakikuwa cha Kiswahili. Ni A Question of Power cha Bessie Head, cha mwaka 1973. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1937 huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili alikokuwa amewekwa mama yake, mwanamke Mzungu. Alilelewa na watu wengine. Mwaka 1964 alihamia Botswana, akakaa Serowe, na mwaka 1971 akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Lobatse. Kitabu kikatoka miaka miwili baadaye.

Elizabeth, mhusika mkuu, anaambiwa akiwa binti wa shule ya misheni kwamba mama yake alikuwa mwendawazimu, basi naye ajihadhari. Mkubwa wa shule ndiye anayemwambia. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikazunguka uani mara mbili. Ni maneno ambayo shangazi zetu huyasema posa inapoletwa: ulizeni kwanza, kwenye ukoo ule kuna kichaa.

Kisha usiku wanamjia Sello na Dan, wanaume wawili ambao msomaji hawezi kusema ni ndoto, ni roho au ni ugonjwa, kwa kuwa Elizabeth mwenyewe hawezi. Bessie Head hamsaidii msomaji hata kidogo. Kitabu ni kigumu, kuna kurasa nilizosoma mara tatu bila kujua nimesimama wapi, na nadhani hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilikaa na kaka yangu wiki nyingi nikijaribu kumrudisha kwenye "ukweli". Kitabu hiki ndicho kilichonionyesha kwamba kwake yeye alikuwa kwenye ukweli, ukweli unaomtesa, na kumwambia "hakuna kitu" ni kumwacha huko peke yake.

Mchana, Elizabeth ana bustani. Anafanya kazi na mwanamke wa kijijini anayeitwa Kenosi, asiye na maneno mengi. Wanapanda mboga, na vile vitunda vya njano vinavyokaa ndani ya ganda kama karatasi, wanapika jamu na kuuza. Hakuna anayemhubiria. Kenosi anakuja kazini, basi, na kesho yake anakuja tena. Mwisho wa kitabu Elizabeth anaweka mkono wake juu ya ardhi ya kijiji kile, analala.

Kaka alikisoma kwa miezi miwili, Kiingereza chake kikigoma hapa na pale, akiniuliza maneno kwa ujumbe wa simu usiku. Alipomaliza hakuzungumzia Sello wala Dan. Alisema, "Yule Kenosi ni kama Baba Mdogo." Nikakumbuka kwamba wakati wote wa ugonjwa, baba mdogo alikuwa akija kila Jumamosi na jembe, anamwambia twende tukapalilie, na kaka anakwenda au haendi. Sisi wengine tulikuwa tunaona hajui uzito wa jambo.

Ndipo nikamtolea Kichwamaji chini ya godoro na kumkabidhi. Alikisoma siku mbili. Akanirudishia bila neno, akaniomba pesa ya daftari kubwa, lile la kaunta.

Anaandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Kwa Kiswahili. Ameniambia ameanza na ile bajaji, na kwamba ameandika dawa zilikuwa dawa na alijua. Nimemwahidi sitamsahihisha hata nukta. Juzi alikuwa amefika ukurasa wa 11.