Adui Bubu na Mtafsiri Asiyenyamaza

Jamani, mimi si mgomvi, lakini saa mbili na dakika 18 mtu mmoja anachinja watu tu, ya nini? Ndiyo Terrifier 2 hiyo, picha ya kutisha ya mwaka 2022. Mbuzi wa Idi huku kwetu Magomeni, Mtwara, muda huo keshakuwa mchuzi na sahani zimeoshwa.

Na adui mwenyewe, chale muuaji Art the Clown, haongei. Hata mguno hatoi; akicheka anacheka kimyakimya. Sasa mtafsiri wa kibanda umiza chetu kalipwa atafsiri, atafsiri nini? Basi kamtungia. Adui anakenua meno, yeye: "Huyu anasema, leo mtanieleza hela ya korosho mmepeleka wapi!" Kibanda kizima kicheko, mtu anakatwa hakuna anayeona.

Picha ya kwanza ilipoisha adui alijipiga risasi. Hii ya pili anaamkia mochwari, anamuua daktari, halafu anakwenda wapi? Kufua! Nguo zimelowa damu, kaingia penye mashine za kufulia, katulia anasubiri. Mke wangu akanigeukia: "Umeona? Hata muuaji anafua." Tangu hapo kapu la nguo chafu ni mali yangu.

Halafu kile chumba cha yule binti. Nina ming'oko yangu ya moto, chumvi na pilipili pembeni, ndiyo kwanza natowelea. Adui kamchana mtoto wa watu, katoka, nikashusha pumzi. Kumbe kafuata chumvi! Karudi anampaka kwenye vidonda. Jirani akaniuliza kama bado nakula. Nikamsogezea. Kala yote mpaka ile chumvi, hana haya yule.

Tuseme kweli, majeraha yale ni kazi ya fundi. Damien Leone kaandika, kaongoza, kahariri, na vidonda kavitengeneza yeye, vingi ni vya mikono, si vya kompyuta. Bajeti dola 250,000 hivi, ambayo Hollywood ni hela ya vocha. Na steringi, Sienna, si wale wasichana wa kukimbia na kujikwaa. Huyu anapigana.

Ila ule upanga wa marehemu baba yake, nguvu umezitoa wapi? Meza hivyohivyo. Na katoto keupe pee kanakofuatana na adui ni ka nani? Mtafsiri akasema mpwa wake. Tukakubali, tungefanyaje?

Mwisho Sienna akamkata adui kichwa. Watu wakasimama, wanakung'uta suruali. Majina yanapita, mara yule mwanamke aliyeharibiwa uso picha ya kwanza anazaa. Anazaa kichwa! Kilekile, kizima. Umeme ukakatika hapohapo. Giza totoro, tunakanyagana kutafuta mlango, maiki imekufa, na mtafsiri bado anatafsiri kwa mdomo mtupu: "Anasema, sehemu ya tatu ni kesho, na kiingilio kimepanda!"