Mashine haina cheo

Askari akirudi kutoka vitani, mkubwa wake humuuliza, "Uko sawa?" Jibu linajulikana kabla hajafungua mdomo: "Niko sawa, afande." Usiku uleule anakesha akitazama dari, mlango ukigongwa anashtuka. Si kwamba ni mwongo. Anajua akisema kweli atanyang'anywa silaha, safari ijayo ataachwa, na wenzake wataanza kupunguza sauti kila anapoingia.

Hapo ndipo akili mnemba, ikipendekezwa kutunza afya ya akili ya askari, inapopata hoja yake yenye nguvu kuliko zote. Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi, walimtengeneza Ellie: mwanamke wa kwenye skrini, ameketi mbele yako, anauliza taratibu, anatikisa kichwa, anaguna kukuonyesha anasikia. Kamera inafuatilia macho na uso wako, maikrofoni inapima sauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha askari wa akiba wa jimbo la Colorado waliotoka Afghanistan. Dalili za kiwewe walizomweleza Ellie zilizidi zile walizoandika kwenye fomu rasmi ya jeshi, na zilizidi hata zile za fomu isiyo na jina. Lilikuwa kundi dogo, lakini matokeo hayo hayanishangazi. Kwenye fomu isiyo na jina hakuna wa kumwogopa, ila pia hakuna anayekusikiliza. Ellie alisikiliza, au alionekana kusikiliza, na hakuwa na nyota mabegani.

Upande wa pili nao una uzito. Askari wale walizungumza kwa uhuru kwa kuwa waliamini maneno yao hayatafika kwenye majalada yao ya jeshi. Mashine hiyohiyo ikiwekwa kambini, na kumbukumbu zake zikasomeka ofisini kwa kamanda, itageuka fomu nyingine yenye sura ya kupendeza, tena mbaya zaidi. Kwenye fomu unaficha kwa kutoandika; mbele ya kamera, sauti yako inakusema usipotaka. Daktari wa jeshi tayari anatumikia mabwana wawili, mgonjwa na kikosi. Mashine haiwezi hata kugomea amri.

Mfano mwingine hauna skrini wala mazungumzo. Wizara ya maveterani ya Marekani ilianzisha mwaka 2017 mpango wa REACH VET. Kila mwezi kompyuta hupitia kumbukumbu za matibabu na kutoa majina ya asilimia 0.1 ya wagonjwa walio katika hatari kubwa zaidi ya kujiua. Jina linafika kwa mhudumu, mhudumu anampigia simu mkongwe wa vita: unaendeleaje, dawa zinakusaidia, uje lini tukuone? Kwa nchi iliyopoteza maveterani 6,407 kwa kujiua mwaka 2022 pekee, simu hiyo si jambo dogo. Tathmini ya mwaka 2021 ilionyesha waliofikiwa walihudhuria kliniki zaidi, na majaribio ya kujiua yaliyoandikwa yalipungua. Vifo vyenyewe havikuonyesha kupungua. Na mwaka 2024 waandishi wa habari walifichua kwamba hesabu zile ziliwapa kipaumbele wanaume wazungu, huku unyanyasaji wa kingono jeshini, jeraha kubwa la wanawake wengi waliotumikia, haukuhesabiwa kabisa. Baadaye wizara ilirekebisha. Lakini kabla ya hapo ni mwanamke gani alikaa kando ya simu isiyolia?

Pamoja na hayo, naegemea upande wa mpango huu kuliko wa Ellie. Kompyuta inachambua majalada maelfu ambayo hakuna daktari angeyamaliza, kisha inamkabidhi kazi binadamu. Ikikosea kwa kumtaja asiye hatarini, hasara ni simu moja ya kumjulia hali. Ikiachiwa kuamua nani abaki na silaha au nani apandishwe cheo, kosa hilohilo linamvunjia mtu maisha.

Nasi jambo hili linatuhusu. Desemba 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, na askari wa jeshi letu la Tanzania, JWTZ, wasiopungua 14 wakauawa. Walionusurika walirudi nyumbani na walichokiona. Tuseme siku moja mmoja wao akae mbele ya skrini kama ile. Hatasema "nina sonona." Atasema usingizi hauji, kichwa kimejaa, moyo unaenda mbio, au atasema amechoka tu na kunyamaza. Mashine iliyofundishwa kwa sauti na maneno ya Kiingereza itaandika kwamba mtu huyu ana uchovu. Muuguzi aliyekulia Songea au Tanga angevuta kiti karibu na kumuuliza, "Umechoka na nini?"