Farasi wa Tano

Ubao wangu wa mninga umerudi leo kutoka kwenye mashine ya randa ya mtaani ukiwa umeliwa kila mwisho, na mwenye mashine, baada ya kunisubirisha tangu Jumatatu, akanieleza kwa upole kwamba mashine zote huuma mwanzo na mwisho. Najua huuma. Ubao ukishikwa na rola moja tu huinuka na kukutana na visu, ndiyo maana mwenye kazi yake huunyanyua kidogo upande wa pili badala ya kujibu simu. Nikaazimia, kama mtu mzima mwenye banda lake la makuti uani hapa Makorora, Tanga, kujinunulia mashine zangu mwenyewe, za bei inayolingana na heshima yangu, yaani ndogo.

Nikaenda Ngamiani, nikiwa nimevaa kanzu ya kuonekana mnunuzi na kutia skwea na futi mfukoni. Kijana wa duka akaniamkia vizuri, akafunua msumeno wa meza uliofunikwa nailoni na kunitangazia: "Mzee wangu, huu una farasi watano." Nikainama kuitazama plagi. Ilikuwa plagi hii yetu ya miguu mitatu, yenye fyuzi ya ampea 13.

"Mwanangu," nikamwambia, "ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2,990. Nguvu ya farasi mmoja wa mota ni wati 746. Hata tukikubali kwamba hakuna kinachopotea kuwa joto, wanaingia farasi wanne na kubaki wati sita, ambazo hazimtoshi hata kuku. Huyo wa tano anapitia wapi?"

Kijana akafikiri kwa dhati. "Huyo ni wa akiba, mzee."

Mama mmoja aliyekuja kununua bawaba akauliza farasi wote hao ni wa nini, ilhali Tanga baiskeli zinatutosha. Mzee mwingine, ambaye hakuwa akinunua chochote, akamtetea kijana kwamba farasi wa akiba wapo, hata lori la shemeji yake linao. Mimi nikaendelea na ukaguzi wangu. Nikapima kutoka kwenye ile reli ya kuegemezea mbao hadi jino la mbele la msumeno, nikapata sentimita 10. Hadi jino la nyuma, nikapata tisa na milimita saba. Reli inayojibana kwa nyuma hukamata ubao dhidi ya meno, na ubao uliokamatwa hivyo humrudia aliyeusukuma, kwa kawaida sehemu za tumboni. Nikalieleza jambo hili kwa utulivu, nikionyesha kwa mkono mahali tumbo langu lilipo.

"Milimita tatu ni za kiwandani, mzee. Mbao itazoea."

"Nirekebishie basi nione." Akaigonga reli kwa ngumi, ikahama. Tukapima: sasa ilikuwa imepanuka kwa nyuma. Akaigonga tena. Yule mzee asiyenunua akasogea na kuigonga yeye pia, na mama wa bawaba akashauri tuigonge wote kwa pamoja. Nikaomba walau iwashwe niisikie mota. Hapo uso wa kijana ukabadilika, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetaja sharti la ndoa: "Mzee, ikishawaka ni yako."

Jamani! Mtu ananunua embe baada ya kulibonyeza, na mimi nikanunue kitu chenye meno kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika bila hata kukisikia kikikohoa?

Sikununua, ila sikusema sinunui, kwa sababu mke wangu ameshatangaza kwamba vumbi la mbao na kamba ya nguo haviwezi kukaa ua mmoja, na jirani, ambaye kwangu hajaleta hata msumari, ameshanipangia mlango wake wa choo kabla mashine haijafika. Zile kuukuu za Ulaya, zenye meza nzito ya chuma, ndizo mashine hasa, lakini nyingi hutaka umeme wa fezi tatu, na nyumbani kwangu hata hiyo fezi moja huja kama mgeni. Mtiki wa shamba la miti la Longuza nao una silika ndani yake, yaani madini magumu ya mchanga, inayokula makali, kwa hiyo ule msumeno wa bure unaokuja na mashine utakuwa kisu cha siagi kabla sijamaliza kabati moja.

Na hata nikiipata mashine iliyonyooka, nitaipitishia nini? Jana nilipima mbili kwa nne ya paini, nikapata moja na nusu kwa tatu na nusu. Muuza mbao akasema imepungua kwa kukauka. Mbao hupungua ikikauka, sikatai, lakini si nusu inchi nzima kwenye inchi mbili, hata ingekaushwa jehanamu. Nikamwomba basi ambayo haijapungua. Akanitolea nyingine kutoka chini ya rundo, mbili kwa nne kamili kabisa, nikaikamata, na maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.