Feni ndiyo itakayokuchagulia betri

Dukani, betri ya sola ya maji (ya risasi na asidi) ni nafuu kuliko ya lithiamu, tena kwa mbali. Lakini bei hiyo ni ya ampea (yaani ampea-saa) zilizoandikwa ubavuni, si ya umeme utakaoutumia.

Chukua nyumba ya vyumba viwili Likoni, Mombasa, isiyo na stima. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100; simu, kama 40. Kwa akiba ya siku mbili ni 280. Betri ya maji haifai kushushwa chini ya nusu, basi ya volti 12 ampea 50 (wati-saa 600, nusu yake 300) yatosha, na hapo sioni haja ya lithiamu. Ongeza TV ya wati 30 kwa saa 4 na feni ya DC ya wati 20 kwa saa 8 (na nani atalala Machi bila feni?), siku mbili zafika 840. Sasa ni betri ya maji ya ampea 150, au lithiamu ya ampea 100, ambayo hutoa asilimia 80 bila kuumia.

Joto nalo lina lake. Umri wa betri ya maji hukadiriwa kwa nyuzi 25. Kila zikizidi kama 10, umri hukatika nusu. Maji nayo hupungua upesi, na mwenye nyumba huongeza ya kisima. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na chumvi huua sahani za risasi zilizo ndani. Tumia maji ya betri pekee, yafunike sahani. Mvua za Mei zikiiacha na chaji nusu wiki nzima, salfeti ya risasi hugandamana ndani na ampea hazirudi.

Hata hivyo, betri ya maji huugua polepole, ukaona taa zikififia mapema kila usiku. Na ikifa, wanunuzi wa chuma chakavu huichukua kwa pesa. Lithiamu (aina ya LiFePO4) hujikata ghafla, na volti zake hukaa karibu 13.2 muda mwingi, kwa hiyo vijistari vya chaji kwenye kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli) havikuambii kitu.

Kontrola ndiyo gharama inayosahauliwa. Ya lithiamu iwekwe volti 14.2 hadi 14.4, na ile chaji kali ya kusawazisha seli izimwe. Kama yako haikubali kubadilishwa, jumlisha bei ya mpya kabla ya kulinganisha. Na lithiamu pia haipendi joto: usiiweke juu ya dari, chini ya mabati.