Boti ya saa kumi ya usiku

Mtu akikosa boti au mkutano hapa Goma, hoja ileile inarudi: tuache kuhesabu saa kwa Kiswahili, tuseme kama simu inavyoonyesha. Wanaoidai hawakosi sababu. Mtoto anafundishwa saa kwa Kifaransa shuleni, tiketi na barua za ofisi zinafuata Kifaransa, na hata ukiiweka simu kwa Kiswahili, majina ya siku yanageuka lakini tarakimu za saa hazigeuki. Anayetaka kuamka saa kumi na moja ya alfajiri sharti aandike 5:00. Maisha yote ni kutoa sita na kuongeza sita.

Ila wengine wanapitiliza, wanasema hesabu yetu ni ya kijiji, ya kukisia. Hapo wanakosea. Saa rasmi ya mashariki ya Kongo inafuata jua la mstari wa nyuzi 30 za longitudo, na Goma iko karibu nao, kwenye 29 na kitu, chini kidogo tu ya ikweta. Kwa hiyo jua letu linachomoza mwaka mzima kati ya 5:40 na 6:15 hivi, na ikifika 7:00 ni kweli saa moja tangu kuche. Kampala wanafuata saa ya nyuzi 45, mstari ulio mbali mashariki ya mji wao, na jua lao linachomoza kati ya 6:30 na 7:00. Lubumbashi, kwa kuwa iko kusini zaidi, inayumba: karibu 5:30 mwezi wa Novemba, karibu 6:30 mwezi wa Julai. Ukitafuta mji ambao saa ya Kiswahili inaukaa sawasawa, ni huu.

Basi watu wanapotezana wapi? Si mchana. "Saa nane ya mchana" haiwezi kuwa 8:00, na "saa mbili ya asubuhi" hakuna anayeisikia kama 2:00. Balaa liko usiku. Abiria anauliza, "Papa, boti inatoka saa ngapi?" Anajibiwa, "Saa kumi ya usiku." Aliyezoea Kiswahili ataelewa 4:00, aliyezoea Kifaransa 22:00. Sasa geuza: "saa nne ya usiku" kwa wa kwanza ni 22:00, kwa wa pili ni 4:00. Saa hizo mbili zinabadilishana nafasi kabisa, na hakuna neno ndani ya sentensi linalomshtua msikilizaji. Ni hivyo hivyo kwa saa tatu na saa tisa, saa mbili na saa nane. Anayewahi atakesha bandarini na mizigo yake, anayechelewa atakuta maji matupu. Na bado neno la kuziba shimo hilo tunalo: sema saa kumi ya alfajiri, sema saa nane ya usiku wa manane, kisha taja siku itakayokucha.

Wanaotaka tuhame hawasemi tutahamaje. Mama anayeuza samaki kwenye soko la Kituku hataacha saa zake kwa sababu ofisi imeamua. Miaka yote ya kuhama, kila "saa nane" itakuwa ya kuulizwa mara ya pili, hata ile ya mchana ambayo leo haina shida.

Tena tarakimu za simu nazo si moja nchini. Mkutano wa 10:00 za Kinshasa kwetu ni 11:00. Simu nyingi kwenye orodha ya miji zina Kinshasa na Lubumbashi tu kwa Kongo nzima. Mtu wa Goma akichagua Kinshasa kwa kuwa ni mji mkuu, anabaki nyuma saa nzima. Dereva anayekaribia Bunagana, mpakani na Uganda, simu ikinasa mtandao wa Uganda, inaruka saa moja mbele. Azime saa ya kujiweka yenyewe, achague Lubumbashi. Kiswahili hakina kosa hapo.

Kwenye maandishi, sawa, wanaodai tarakimu wameshinda: 14:00 haina utata. Hata famasi ingefaa waandike kwenye paketi 6:00, 14:00, 22:00, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa "kila saa nane" anaweza kumeza kidonge kimoja tu, saa nane ya mchana, kila siku. Wengi hapa husema "kila masaa nane". Walimu wa sarufi wanalikemea hilo "masaa", lakini mgonjwa anaelewa.