Kabla ya Kumwambia Mtu Arudishe Mpira, Mtajie Bei Yake

Kila mpira wa besiboli wa rekodi unapotua mikononi mwa shabiki huko Marekani, baraza za kahawa za Malindi hugeuka mahakama. Mshtakiwa hayupo, wakili hana, na hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: tamaa hiyo! Si angemrudishia mwenyewe! Juzi picha ya mpira wa Shohei Ohtani, nyota wa besiboli wa klabu ya Dodgers, imezungushwa tena kwenye simu, na chini yake wahubiri wamejipanga safu. Wengi wao, tukisema kweli, hawajawahi kumpunguzia mtu shilingi kumi kwenye nazi.

Nami nina langu. Aliyeudaka mpira kwa haki, auuze. Akipenda kuurudisha, aurudishe akijua anatoa nini, si akiwa amezungukwa na walinzi huku moyo ukimwenda mbio. Hili la pili ndilo linalonikera, na ndilo nisilolisikia likitajwa barazani.

Tuanze na huo wa Ohtani. Tarehe 19 Septemba 2024, mjini Miami, alipiga homurani (pigo la kuupeleka mpira nje ya uwanja) yake ya 50 ya msimu akiwa tayari ameshaiba vituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila mpira kupigwa, zaidi ya mara 50. Kabla yake hakuna aliyewahi kuzifikisha zote mbili hamsini ndani ya msimu mmoja. Mpira ukaangukia kwa mashabiki, na Oktoba ukanadiwa. Nyundo iligonga kwenye dola milioni 3.6. Kampuni ya mnada ikaweka juu yake ada ya mnunuzi, asilimia 22, jumla ikawa dola 4,392,000. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya nusu bilioni. Ohtani mwenyewe, miezi michache kabla, alikuwa ametia saini mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Sasa hapo, mwenye kuhubiriwa kuhusu tamaa ni yule aliyekata tiketi?

Na msiniambie mpira ni mali ya klabu. Katika besiboli, mpira ukiingia jukwaani ni wa aliyeudaka, na haki hiyo haikuletwa na hisani. Mwaka 1921 shabiki mmoja New York alikataa kuurudisha, akatolewa uwanjani, akaishtaki klabu ya Giants na akashinda. Baada ya hapo klabu nyingi zikalegeza kamba. Kwa hiyo anayesema "rudisha" anamtaka mtu atapike haki aliyopiganiwa miaka mia iliyopita.

Sasa sikieni "kurudisha" kunavyofanyika. Aprili 2024, Los Angeles, Ohtani alipiga homurani yake ya kwanza akiwa na Dodgers. Aliyeupata mpira alikuwa mwanamke aliyekuja na mumewe. Kwa maelezo waliyowapa waandishi wa habari, walinzi walimzunguka, wakamtenga na mumewe, wakamwekea mezani kofia mbili zenye saini. Alipositasita akaambiwa kwamba akitoka na mpira wake, klabu haitauthibitisha. Mwisho akaondoka na kofia mbili, mpira wenye saini na gongo. Wajuzi wa mnada waliukadiria ule mpira kuwa si chini ya dola 100,000. Nakiri kwamba baadaye klabu ilimwalika na kumkirimu. Sawa. Lakini ukarimu uliokuja baada ya kelele za magazeti mimi siupigii makofi.

Ile kauli ya kutouthibitisha ndiyo uti wa mgongo wa jambo lote. Mpira wa besiboli ni ngozi nyeupe na mishono 108 ya uzi mwekundu, na kwa macho hutofautishi mmoja na mwingine. Mechi moja inakula mipira mingi mno, kwa sababu ukigusa vumbi tu unabadilishwa. Ukiuchanganya ule wako na mwingine ndani ya mfuko, basi. Umebaki na mipira miwili ya kuchezea watoto. Ndiyo maana tangu 2001 ligi ya huko ina mashahidi wake, wengi askari polisi wa sasa au wastaafu, wanaokaa uwanjani kila mechi. Wakishuhudia kitu kwa macho yao wanakibandika kibandiko chenye nambari, na nambari inaingizwa kwenye daftari la ligi. Rekodi kubwa ikikaribia, refa hupewa mipira iliyowekwa alama maalumu, nyingine ikiwa haionekani mpaka imulikwe kwa taa yake, na hutumia hiyo tu pale mchezaji yule anapoingia kupiga. Bila kibandiko au alama, una mpira na una hadithi. Hadithi haina mnunuzi.

Mvuvi wa Mayungu analielewa hili haraka kuliko mhubiri wa barazani. Ukitua na jodari saa sita mchana huna barafu, bei hupangi wewe. Hupanga tajiri aliyekuja na sanduku, na anajua kila dakika inayopita inamfaidi yeye. Kibandiko kile ndicho barafu. Klabu inayo, shabiki hana, halafu watu wanakaa wakijadili moyo wa shabiki kana kwamba mambo ni sawa kwa sawa.

Basi mtu afanye nini? Mpira ukae mkononi au mfuko wa mbele, peke yake. Usimpe mtu "auangalie tu", hata akiwa amevaa fulana ya klabu, kwa sababu ukitoka mikononi mwako hata sekunde kumi, mlolongo wa ushahidi umekatika na wewe ndiwe uliyeukata. Aliye nawe aanze kurekodi kwa simu bila kukatiza: mpira, kiti, nambari ya safu, ubao wa matokeo. Tiketi usiitupe. Waombe majirani wawili wa kiti namba zao. Halafu omba uthibitisho kwanza, ndipo mzungumze mambo ya kutoa au kutotoa. Wakisema mawili hayo hayatenganishwi, muulize msemaji jina lake na cheo chake, ujibiwe kamera ikiwa wazi. Utashangaa ulimi unavyolainika. Na mpira usiufute. Ule weusi wa gongo, ile michirizi ya nyasi, ndiyo inayolinganishwa na picha za televisheni. Kuna watu waliousafisha "upendeze".

Wakati wa kuuza, ada ndiyo inayowatia watu hasara. Uliza nani analipa asilimia ya mnada, na kama kuna bei ya chini ambayo mpira hautauzwa chini yake. Kuhusu kungoja, kungoja nako kuna gharama. Mpira wa homurani ya 70 ya Mark McGwire, rekodi ya msimu mmoja wakati ule, uliuzwa Januari 1999 kwa dola milioni 3 na ushei. Miaka miwili na kitu baadaye Barry Bonds akafikisha 73, na McGwire akabaki nambari mbili. Yule aliyedaka mpira wa 62 wa Aaron Judge mwaka 2022, rekodi ya tawi lake la ligi, aliripotiwa kukataa dola milioni 3, kisha mnadani ukaenda kwa milioni 1.5. Hapo ndipo ningekubali neno tamaa litumike, ila tamaa ya hesabu mbovu.

Mpira wa 73 wa Bonds una kisa chake. Mtu mmoja aliudaka akavamiwa na umati, mpira ukamponyoka, mwingine asiye na kosa akauokota. Wakaenda mahakamani. Desemba 2002 jaji akasema wote wawili wana haki sawa, uuzwe, wagawane. Ulipouzwa mwaka uliofuata ulileta dola 450,000, na mmoja wao akajikuta anadaiwa na wakili wake ada kubwa kuliko mgao wake. Kumbe wangegawana mle mle jukwaani.

Kuna hoja moja ya wahubiri yenye sura ya hoja: kwamba kitu cha historia kikiuzwa kitafichwa kwa tajiri, umma usikione. Ni uongo wa nusu. Ukimrudishia mchezaji unakwenda wapi? Kwenye kabati la sebuleni kwake. Jumba la kumbukumbu la besiboli la Cooperstown halinunui vitu, linapokea vinavyotolewa, na mmoja wa mipira yake mashuhuri ulifika pale baada ya kuuzwa. Ni ule wa homurani ya 756 ya Bonds, iliyovunja rekodi ya homurani za maisha yote ya mchezaji, wa mwaka 2007: mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua kwa dola 752,467, akawapigisha watu kura mtandaoni, ukatiwa alama ya nyota kwa sababu ya tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, kisha akautoa bure. Aliyeudaka akapata pesa yake, jumba likapata mpira, umma ukapata kuucheka. Nani aliyedhulumiwa?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna vitu haviuziki. Wa Malindi hatuhitaji kufundishwa hilo. Vigango, nguzo za kuwakumbuka wafu za Wamijikenda, viling'olewa vilikosimikwa, vikapita mikononi mwa madalali wa papa hapa pwani, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani. La Denver pekee lilikuja kurudisha 30. Lakini kigango kina wenyewe, kina ukoo, na aliyekiuza hakuwa wao. Mpira uliopigwa kwenda kwa watu elfu kumi waliolipa kiingilio, ukoo wake ni upi?

Na mbona kwenye soka midomo hufungwa? Mwaka 2022 mpira wa ile mechi ya Argentina na Uingereza ya 1986, ule wa mkono wa Maradona, uliuzwa London kwa pauni milioni 2. Muuzaji alikuwa refa Ali Bin Nasser wa Tunisia, aliyekaa nao miaka 36. Bao la mkono hakuliona, ila bei aliiona vizuri sana. Sikusikia barazani hata mmoja akisema arudishe. Na ujue kwa nini uliuzika: wakati ule mpira mmoja ulitumika dakika zote 90, hakuna wa kubishana ni upi. Siku hizi vijana wa kuokota wanarusha mpira mwingine kabla wa kwanza haujatua, kwa hiyo anayekuuzia "mpira wa bao" la ligi kubwa bila karatasi, muage kwa adabu.

Kwenye viwanja vyetu hali ni nyingine kabisa, na hapa naungana na wahubiri kwa sentensi moja: mpira ukiruka ukuta wa uwanja wetu wa Alaskan, au ukaelea majini kule Lamu, rudisha. Timu ina miwili, mmoja unavuja. Huo ni jembe la kazi, haujawa kumbukumbu.

Unakuwa kumbukumbu pale tu waandalizi wakitaka uwe. Desturi ya mfungaji wa mabao matatu kubeba mpira kwetu imekufa kwa sababu akiubeba, Jumapili hakuna mechi. Dawa yake haina uchawi. Kwa fainali nunua mpira mmoja zaidi, namba 5, uujaribu uzito uwe kati ya gramu 410 na 450. Kabla ya kuanza, andika alama ndogo kando ya tundu la upepo, upigwe picha, na refa na manahodha wawili watie saini karatasi yenye alama hiyo, tarehe na timu. Saini zisiwekwe kwenye mpira, maana wino hufifia na kusambaa. Uchezwe huo peke yake. Ukipotea au kupasuka, karatasi hiyo ichanwe, usihamishie alama mpira mwingine ili "kuokoa shughuli".

Atakayeupata asiukaushe juani wala asiufungie kwenye nailoni. Hewa yetu ya chumvi na joto ndiyo adui. Ngozi hizi za plastiki hula unyevu polepole mpaka zikatoa ulimbo, zikanata vidoleni, kisha zikaanza kupukutika. Toa upepo nusu ili mishono ipumzike, sindano uiloweshe kwa tone la gliserini na si mafuta ya nazi, kwa kuwa mafuta huharibu raba ya tundu. Uweke kwenye kitambaa cha pamba ndani ya sanduku, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu, na uvibadilishe kila masika yanapoisha.

Kisha andikeni kwenye kanuni za mashindano, mstari mmoja, kabla ya droo: mpira wa fainali ni wa nani. Wa mfungaji, wa mdhamini, wa klabu mwenyeji, chagueni wenyewe. Mkiuacha wazi, mwaka ambao kijana wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo atatoka pale akaenda kucheza Ulaya, watajitokeza wenyewe saba, na mpira utakuwa umeshakatwa viraka zamani.